Pikipiki inayumba tukiwa wawili na mizigo: tufunge kidhibiti, tununue kubwa zaidi, au twende na mbili?

"Mimi na mume wangu tunajiandaa kwa safari ya miezi mitano kwa pikipiki, nchi tisa, yeye akiendesha na mimi nyuma yake. Pikipiki yetu ni ya cc 700, ina miaka sita. Tumeifungia masanduku mawili ya alumini pembeni na boksi moja nyuma. Yeye ana kilo 82, mimi 64. Mwezi uliopita tulipakia kila kitu tukatoka kwa jaribio la siku mbili. Hadi kilomita 80 kwa saa mambo yalikuwa sawa. Tulipovuka 100, nyuma ilianza kuyumba kulia na kushoto, taratibu lakini kwa nguvu, nikahisi pikipiki nzima inajipinda. Alipopunguza mwendo ikatulia. Jioni tukirudi, karibu kila gari lililokuja mbele yetu lilitumulika taa. Mume wangu anasema ni upepo wa pembeni, na dawa yake ni kufunga kidhibiti cha usukani, kile kishokapu kidogo kinachozuia usukani kutikisika. Rafiki yake anasema injini imezidiwa, tununue ya cc 1200. Mimi nawaza nijifunze kuendesha ili tuwe na pikipiki mbili. Kuna jambo jingine sijamwambia: baada ya saa moja na nusu ganzi inanishika kuanzia makalio hadi miguuni. Tumebakiza miezi minne kabla ya kuondoka. Tufanye nini?"

Dada, ushahidi mkubwa kuliko wote umeutaja kwa kupita tu: yale magari yaliyowamulika. Madereva wale hawakuwa wanawasalimu. Taa yenu ilikuwa inawapiga machoni, na taa ya pikipiki haipandi juu yenyewe. Inapanda kwa sababu nyuma imeshuka. Ukiliunganisha hilo na kuyumba kulikoanza baada ya kilomita 100 kwa saa, picha inakuwa wazi: pikipiki yenu imekalia mkia. Injini haina hatia, na upepo ni msaidizi tu wa tatizo. Uzito umezidi, tena umewekwa mahali pabaya, na springi za nyuma zimeshindwa kuubeba.

Nyuma ikizama, shokapu za mbele hulala zaidi kuliko alivyokusudia mtengenezaji, na usukani unakuwa mvivu kugeuka. Wakati huohuo gurudumu la mbele linapungukiwa uzito. Fikiria mkokoteni uliopakiwa nyuma ya ekseli: mishikio inainuka yenyewe. Hilo boksi lenu la nyuma linafanya kazi hiyohiyo. Tuchukue vipimo vya kawaida. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 1,500, na katikati ya boksi ni milimita 375 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukitia kilo 16 humo, gurudumu la mbele linapoteza kilo 4 na la nyuma linaongezewa kilo 20. Umepakia 16, lakini tairi la nyuma linahisi 20. Na wewe mwenyewe umekaa karibu juu kabisa ya ekseli hiyo, kwa hiyo kilo zako 64, ukijumlisha nguo na helmeti, karibu zote ni za gurudumu la nyuma. Hilo si kosa lako, ndivyo kiti kilivyowekwa. Ila ndiyo sababu kila kilo iliyo nyuma ya mgongo wako ina gharama kuliko kilo iliyo mbele ya magoti ya mumeo.

Sasa hicho kidhibiti cha usukani. Pikipiki zina namna mbili za kucheza zikiwa kwenye mwendo, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mbele: usukani unatetemeka harakaharaka, mara sita hadi kumi kwa sekunde, mara nyingi kwenye mwendo wa kati, hasa dereva anapoachia mafuta au kulegeza mikono. Ya pili ndiyo yenu: pikipiki nzima inajikunja polepole, mara mbili hadi nne kwa sekunde, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo inavyozidi. Kidhibiti cha usukani hutibu ile ya kwanza. Kwa hii ya pili hakisaidii, na kikikazwa sana kinaweza kuizidisha, kwa sababu kinaunyima usukani uhuru wa kujirekebisha wenyewe. Mumeo akikifunga leo atakuwa ametumia fedha kwenye mgonjwa asiyeumwa.

Hata hivyo si kweli kwamba amekosea kabisa. Masanduku mapana na boksi refu huvuruga hewa nyuma yenu, na upepo wa pembeni au lori linalopita kwa kasi linaweza kuwa ndilo linaloanzisha mchezo. Lakini pikipiki iliyopakiwa vizuri husukumwa na upepo ikarudi yenyewe. Yenu ilisukumwa ikaendelea.

Hali hiyo ikiwapata tena kabla hamjarekebisha, mumeo asiukabe usukani na asikanyage breki kwa nguvu. Apunguze mafuta taratibu, abane tangi kwa magoti, alegeze viwiko na ainamie mbele. Wewe msogelee, ulale naye mbele, usiyumbe kupingana na pikipiki. Mwendo ukishuka inatulia, kama mlivyoona. Kuna ushauri unaozunguka kwamba dawa ni kuongeza mafuta ili mbele inyooke. Kwa kuyumba kwa aina hii huo ni ushauri wa hatari, maana mwendo ndio unaolisha kuyumba huko.

Tuje kwenye hesabu ambayo wasafiri wengi huikwepa. Kwenye fremu ya pikipiki, mara nyingi karibu na shingo ya usukani, kuna kibati au kibandiko chenye uzito wa juu unaoruhusiwa: pikipiki, watu, mizigo, mafuta, vyote pamoja. Toa uzito wa pikipiki yenyewe, kinachobaki ndicho mnachoruhusiwa kupanda nacho. Tuseme kwenu ni kilo 190, ambayo si ajabu kwa pikipiki ya ukubwa huo. Ninyi wawili mkiwa mmesimama na nguo za nyumbani ni 146. Ongeza helmeti, jaketi, suruali ya kinga, buti na glavu, ambavyo kwa mtu mmoja hufika kilo 9 bila shida: 164. Ongeza masanduku matatu ya alumini matupu pamoja na vyuma vya kuyashikilia, karibu kilo 20: 184. Zimebaki kilo sita. Sita, dada, na hamjaweka hema, spana, tyubu za akiba, nguo, kompyuta wala chupa ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita nne za siku ya jangwani zinakula sehemu kubwa ya kilichosalia. Tena soma vizuri kama uzito wa pikipiki ulioandikwa kwenye kitabu ni wa tangi tupu au lililojaa. Petroli ni karibu gramu 750 kwa lita, hivyo tangi la lita 18 ni zaidi ya kilo 13.

Sijaona mizigo yenu, lakini nikikisia kwa ninavyowaona wanaoanza, kwenye jaribio lile mlikuwa mmezidi kwa kilo 40 au zaidi. Fremu haitavunjika siku hiyo. Kinachokuja ni taratibu: spoki zinalegea, vyuma vya masanduku vinapasuka kwenye kona za kulehemu, beringi ya nyuma inakwisha mapema, tairi linachemka. Na ikitokea ajali, kampuni ya bima ina haki ya kuuliza mlikuwa na uzito gani.

Ndiyo maana wazo la cc 1200 halinivutii kama linavyomvutia rafiki yenu. Injini kubwa haibebi uzito, inaukimbiza tu. Wanaobeba ni fremu, springi na matairi. Chukua mfano wa BMW R 1250 GS, pikipiki inayopendwa na wanaosafiri wawili wawili: yenyewe ina kilo 249 na kikomo chake ni 465, maana yake mnaruhusiwa 216. Ukilinganisha na ile 190 tuliyoikisia, mmepata nafasi ya kilo 26, na mmejibebesha chuma kizito zaidi. Kwenye lami hamtajuta, kwa sababu kiti cha nyuma ni kipana na injini haihangaiki milimani. Kwenye tope au mchanga, ikilala chini mara ya tatu mchana huo, mtaijua kila kilo yake. Kama njia yenu ni lami tupu na fedha ipo, ni chaguo halali. Lakini mkiinunua na kuipakia kwa tabia ileile, baada ya wiki chache itakalia mkia vilevile.

Kwa hiyo kwanza punguzeni, halafu pangeni upya, halafu ndipo mguse springi. Kwa mpangilio huohuo. Mtu akianza na springi hujipa ruhusa ya kubeba zaidi.

Kupunguza kunahitaji mzani. Ule wa kuning'iniza wa kupimia mabegi unatosha. Pimeni kila kitu kimoja kimoja na mwandike. Mtashangaa ni wapi uzito umejificha: kamba na kufuli, chaja, dawa za meno na shampuu, jozi ya pili ya viatu, sufuria la pili, vitabu, na vipuri ambavyo fundi yeyote wa mji mkubwa anavyo. Vipuri vya kubeba ni vile ambavyo bila hivyo pikipiki haisogei na haviazimwi: nyaya za klachi na mafuta kama mnazo, kiungo cha cheni, lever za breki na klachi, tyubu, fyuzi. Miezi mitano haihitaji nguo za miezi mitano. Inahitaji za siku nne na sabuni. Badilisheni na hayo masanduku ya alumini kama moyo unaruhusu. Mikoba laini ya pembeni inaweza kuwapunguzia kilo 10 au zaidi, haipanuki sana pembeni, na ikiwa pikipiki imelala haikuvunji mguu ulionaswa chini yake. Ubaya wake upo: haifungwi kwa ufunguo kama sanduku, na maji hupenya ikizeeka. Mimi ningechagua laini. Wapo wenye uzoefu mwingi wanaochagua alumini kwa ajili ya mipakani na hotelini, na siwezi kusema hawana akili.

Kupanga, kanuni ni kwamba kizito kikae chini na mbele. Spana, tyubu, cheni ya kufuli na maji vikae kwenye vifuko vya chini pembeni mwa injini, vikifungwa kwenye vyuma vya kinga, mbali na ekzosi. Chakula na vifaa vya kupikia viwe chini ya masanduku, upande wa mbele. Masanduku mawili yapishane uzito kwa kilo moja au mbili, si zaidi. Boksi la nyuma libaki na vitu vyepesi: jaketi la mvua, mfuko wa kulalia, glavu za akiba. Watengenezaji wengi huandika ndani ya kifuniko kikomo cha kilo 5 hadi 10, na ni watu wachache sana wanaokisoma. Kama mnaweza kulisogeza boksi mbele hata kwa sentimita chache, lisogezeni, mradi usibanwe.

Sasa springi. Shokapu ya nyuma ina springi inayobeba uzito, na mafuta ndani yake yanayoizuia springi kurukaruka. Ni kazi mbili tofauti. Kwenye pikipiki nyingi kuna pete au kitufe cha kuikaza springi. Kuikaza hakuifanyi kuwa ngumu zaidi, kunaiinua pikipiki tu ili safari ya shokapu isiishie chini. Mnaweza kupima wenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Simamisheni pikipiki kwenye stendi ya kati, au inueni nyuma mpaka gurudumu lining'inie. Pimeni kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu wima hadi alama moja kwenye fremu, mwandike namba. Kisha ishusheni, pakieni mizigo yote, mpande wote wawili na nguo zenu za safari, mtu wa tatu aishike isianguke na wa nne apime palepale. Tofauti ya namba hizo ndiyo mnavyozama. Kipimo kizuri ni karibu theluthi ya safari yote ya gurudumu. Kama safari ni milimita 200, kuzama kwa 60 hadi 70 ni sawa. Mkikuta 100, kazeni na mpime tena. Mkishafika mwisho wa kukaza na bado mko 85 au 90, springi hiyo haikutengenezwa kwa uzito wenu, na hakuna spana itakayoibadilisha tabia.

Nahisi hapo ndipo mtakapofikia. Springi za kiwandani kwa kawaida hulenga dereva mmoja wa wastani na mzigo kidogo. Isitoshe pikipiki yenu ina miaka sita, na mafuta ya ndani ya shokapu huchoka. Dalili yake ni rahisi kuiona: kandamiza nyuma kwa nguvu kisha uachie. Ikipanda mara moja ikatulia, bado ina uhai. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mafuta yamekwisha kazi, na hali hiyo peke yake inatosha kuleta kuyumba mlikokuona.

Hapa ndipo msifanye wenyewe. Tafuteni fundi anayeshughulika na shokapu hasa, si yule anayebadilisha oili tu. Mpelekeeni pikipiki ikiwa imepakiwa, mwende wote wawili na nguo zenu, na mumwambie uzito halisi bila aibu. Atachagua springi ya namba inayowafaa, na kama shokapu yenu inafunguka ataiwekea mafuta na sili mpya. Zingine hazifunguki, ni kununua nyingine. Ni gharama inayouma, lakini ni ndogo sana kuliko kubadilisha pikipiki nzima. Siku hiyohiyo mwambieni akague beringi za shingo ya usukani, za magurudumu na za ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa kuwa ulegevu wa hapo huleta kuyumba kulekule hata kama springi ni mpya. Za shingo mnaweza kuzionja wenyewe: gurudumu la mbele likiwa hewani, geuzeni usukani polepole kwa vidole viwili. Ukikwama kidogo katikati, kama unaingia kwenye kishimo, beringi imeshaliwa.

Na matairi. Namba za upepo za mtu mmoja si za watu wawili. Kitabu cha pikipiki kina safu mbili, na ya mzigo kamili kwa pikipiki za aina hii huwa karibu na bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma, fuateni ya kwenu. Pimeni asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Upepo pungufu hulifanya tairi lijikunje na kuchemka, na nyuma inakuwa kama imesimama juu ya mpira laini. Angalieni pia namba ya mzigo iliyo ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo: 65 ni kilo 290, 69 ni kilo 325. Ukiwa unanunua tairi katika nchi ya tano, duka likiwa na moja tu linaloingia kwenye rimu, namba hiyo ndiyo ya kuuliza kwanza. Tairi lililolika katikati likawa bapa nalo huyumbisha, kwa hiyo msianze safari na lililobakiza nusu ya maisha.

Breki nitazigusa kwa kifupi. Uzito ukiongezeka, joto la kusimama linaongezeka kwa kiasi kilekile, na kwenye mteremko mrefu mafuta ya breki yaliyozeeka yanaweza kuchemka na lever ikaingia ndani bila kitu. Yabadilisheni kama yana zaidi ya miaka miwili, na mumeo ateremke kwa gia ya chini. Ukiwa nyuma, breki ya nyuma ina kazi zaidi kuliko alivyozoea akiwa peke yake. Ajizoeze mahali patupu, kwa kuanzia na wewe ukiwa umeshikilia vizuri.

Sasa lile ambalo hujamwambia. Mwambie leo. Usilichukulie kama udhaifu wako, maana ni suala la usalama wa wote wawili. Abiria aliyekufa ganzi hujigeuzageuza bila taarifa, na kila anapojigeuza kilo 70 zinahama juu ya springi ambayo tayari imeelemewa. Mumeo akifunga breki ghafla, miguu isiyo na hisia haikuzuii, unamwangukia mgongoni na mikono yake inakaza usukani. Anahitaji kujua.

Ganzi yenyewe mara nyingi inatokana na kiti na vikanyagio. Viti vya nyuma vya pikipiki nyingi za safari ni vyembamba na vinateremka mbele, kwa hiyo uzito wote unakaa kwenye mifupa miwili ya makalio na ukingo wa kiti unabana mishipa ya nyuma ya paja. Kama magoti yako yamepanda juu kuliko nyonga, hali inazidi. Fundi wa viti anaweza kukupanulia na kukusawazishia kiti, na kwa pikipiki nyingi zinapatikana pleti za kushusha vikanyagio vya nyuma kwa sentimita chache. Sponji laini sana haisaidii. Baada ya nusu saa imebonyea na umekaa kwenye bati. Simama kwenye vikanyagio kila baada ya dakika ishirini, ukimpigia bega kwanza ili ajiandae. Shukeni kila saa moja, si moja na nusu, mtembee hadi damu irudi. Wekeni vifaa vya kuongea ndani ya helmeti kama mnaweza. Ukiweza kusema "nisimame kidogo" bila kupiga kelele, utasimama mara nyingi zaidi.

Ila kuna ganzi ya daktari. Kama inabaki zaidi ya nusu saa baada ya kushuka, kama ni mguu mmoja tu na maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti, au kama kidole gumba au unyayo unakosa nguvu, mwone daktari kabla ya kulipia chochote cha safari. Ganzi ikifika sehemu za siri, au ukianza kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, popote mlipo. Na shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya siku nyingi za kukaa, msipuuze, inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

Kuhusu pikipiki mbili, nakuunga mkono nusu. Kwa upande wa uzito ni suluhisho bora kuliko yote: kila mmoja kwenye pikipiki nyepesi, hakuna springi inayolia, na moja ikiharibika nyingine inaenda kutafuta msaada. Mnalipia hilo kwa mafuta mara mbili, matairi mara mbili, bima mbili, karatasi za forodha mbili, na siku za kusubiri kivuko zenye mashaka mara mbili. Jambo linalonizuia kusema ndiyo moja kwa moja ni hiyo miezi minne. Leseni utaipata. Ambacho hakipatikani haraka ni mazoea ya mvua, changarawe, giza, ng'ombe barabarani na uchovu wa siku ya sita, vyote vikija pamoja katika nchi ambayo hata upande wa kuendesha umebadilika. Jifunze, lakini amua mwezi wa tatu wa maandalizi, ukiwa umeendesha njia za vumbi na siku nzima za mvua, na mwalimu asiye mumeo akuambie ukweli. Kama bado, nenda nyuma yake safari hii, leseni ikiwa mfukoni. Akivunjika kifundo cha mkono au akipatwa na homa mahali pasipo na mji, ni vizuri awepo mtu wa pili anayeweza kuifikisha pikipiki kwenye kijiji kinachofuata.

Kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja: gurudumu la tatu. Theresa Wallach na Florence Blenkiron walipotoka London mwaka 1934 kuelekea Cape Town, kupitia Sahara, walitumia Panther ya cc 600 yenye kikapu cha pembeni na tela nyuma, wakafika mwaka 1935. Mzigo ulikuwa na mahali pake. Pikipiki yenye kikapu haiyumbi kwa namna yenu, wewe unakaa chini umeegemea, na mizigo haiko nyuma ya ekseli. Lakini huendeshwa kwa akili nyingine kabisa, inakula mafuta na matairi, na kuifunga vizuri si kazi ya miezi minne kwa asiyeijua. Nimeitaja ili mjue ipo, zaidi ya kuipendekeza.

Karatasi ni mada nyingine ndefu, ila ziko ambazo zinagusa uamuzi huu. Kibali cha kimataifa cha kuendesha kina matoleo mawili yanayotumika zaidi, la mkataba wa 1949 na la 1968, na nchi moja inaweza kukubali hili bila lile. Kwa nchi tisa huenda mkahitaji yote mawili. Hakikisheni muhuri uko kwenye daraja la pikipiki, si la gari peke yake. Baadhi ya nchi hudai kaneti ya forodha, kile kitabu kinachodhamini kwamba pikipiki mliyoingia nayo mtatoka nayo. Kila mpaka ugonge muhuri wa kuingia na wa kutoka, kwa sababu ukurasa usio na muhuri wa kutoka ndio unaokula dhamana. Kama wewe nawe utaendesha, jina lako au barua ya ruhusa ya mwenye pikipiki iwepo kabla hamjaondoka.

Na bima ya matibabu ya safari, isomeni sehemu ya yale isiyoyalipa. Nyingi hukataa pikipiki inayozidi cc 125, nyingine humlipa dereva bila kumtaja abiria, na nyingine hudai leseni ya yeyote aliyekuwa kwenye usukani. Waandikieni waziwazi: cc 700, watu wawili, nchi hizi tisa, miezi mitano, na huenda abiria akaendesha. Jibu lao mliombe kwa maandishi, na mlitafute wiki hii, kabla hata ya kwenda kwa fundi wa shokapu.